Kufikirika, Kusadikika, Kutendeka: Kijiji cha Bariadi na Swali Ambalo Uhakiki Wetu Hauulizi

Shaaban Robert alizipa nchi zake mbili za kubuni majina yanayotoka moja kwa moja katika sarufi. Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Kufikirika ilichapishwa mwaka 1967, miaka mitano baada ya mwandishi kufariki. Majina yote mawili yamo katika ile kauli tuliyofundishwa kuiita kauli ya kutendeka: lile linaloweza kusadikiwa, lile linaloweza kufikiriwa. Linganisha na Thomas More wa Uingereza, ambaye mwaka 1516 aliitungia nchi yake njema jina la Utopia kwa kuunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya mahali pasipokuwepo. More alisema hapapo. Shaaban alisema panawezekana, japo kwa akili na moyo tu. Tofauti hiyo si ndogo, nami hushangaa jinsi wahakiki wetu wanavyoipita mbio mbio wakikimbilia "dhamira" na "ujumbe".

Sasa angalia kilichokosekana. Kufikirika tunayo. Kusadikika tunayo. Kutendeka hatuna. Kitabu hicho cha tatu Shaaban hakukiandika. Makala haya yanadai kwamba kiliandikwa na dola, tena juu ya ardhi, kati ya mwaka 1967 na 1976, na kwamba mojawapo ya kurasa zake ni Bariadi, kwetu, ambako wakati ule kulikuwa ndani ya Mkoa wa Shinyanga na tangu mwaka 2012 ni Mkoa wa Simiyu.

Swali linaloulizwa darasani na vijiweni ni hili: jaribio la kujenga jamii mpya kabisa linatendeka au halitendeki? Swali zuri, ila lina kasoro ya kisarufi. Kauli ya kutendeka humficha mtendaji. Mtoto akisema "chungu kimevunjika", hakuna mahali katika sentensi hiyo pa kumweka aliyekivunja, na watoto wote duniani wanaijua faida yake. Ukisema "walihama", umewataja watendaji. Ukisema "walihamishwa", umekiri kwamba kuna aliyefanya na kuna waliofanyiwa, ni miili tofauti, na pengine hawakuwa na nia moja. Nia yangu ni kuirudisha nafsi hiyo iliyofichwa, kwanza katika historia ya kwetu, kisha katika vitabu tunavyovihakiki.

Ukurasa wa Bariadi

Historia kwa ufupi, maana wengi wetu tumeikariri kwa ajili ya mtihani tu. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967. Septemba ya mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Ujamaa Vijijini, lililosisitiza kwamba watu washawishiwe, wasilazimishwe. Novemba 1973 lugha ikabadilika: kuishi vijijini ikawa amri, na mwisho uliowekwa ulikuwa mwaka 1976. Shinyanga ikapata operesheni yake mwaka 1974. Juma Mwapachu, aliyekuwa mtumishi wa serikali mkoani humo, aliandika makala mwaka 1976 akiitetea, na hakuficha kwamba shuruti ilitumika. Kufikia mwaka 1977 nchi ilihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 13 katika vijiji zaidi ya 7,000. Ni miongoni mwa majaribio makubwa kabisa ya aina hiyo kuwahi kufanyika Afrika.

Ili kuelewa kilichofanyika Bariadi inabidi kwanza tujue kilichokuwepo. Msukuma wa mashambani hakuwa na kijiji kwa maana ya nyumba zilizopangwa. Alikuwa na kaya: boma la ng'ombe, nyumba za wake na watoto, ua wa minyaa, mashamba kuizunguka, halafu nafasi, halafu kaya ya jirani. Na ardhi yenyewe ilikuwa na majina. Luseni ni kichanga cha juu, kinachofaa mihogo na karanga. Ukishuka unakutana na itogolo na ibushi, na chini kabisa mbuga, ule udongo mweusi unaoshika maji na kunasa gurudumu la baiskeli mvua zikichachamaa. Mkulima aliyejua kazi alikuwa na vipande katika udongo mbalimbali, ili mvua ikimkosea huku, kule apate chochote. Palikuwa na matongo, yaani mahame ya kaya za zamani ambapo samadi ya miaka mingi iliacha rutuba. Palikuwa na ngitili: eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi na miti vikue, likafunguliwa kiangazi ng'ombe wanapokosa pa kula. Yote haya ni elimu. Ilikuwa imeandikwa ardhini, ila haikuwa na hati wala mhuri.

Ramani ya kijiji cha mwaka 1974 haikuzisoma herufi hizo. Nyumba zilipangwa mstari kando ya barabara ili shule, zahanati, maji, bwana shamba na gari la pamba viweze kufika. Sababu hizo hazikuwa za kipuuzi, tusifanye utani. Lakini shamba likabaki mbali, samadi ikabaki kwenye itongo, na ngitili ikabaki haina mwenyewe. Na kitu kisicho na mwenyewe Usukumani huliwa na ng'ombe wa wote. Mmarekani James Scott, katika kitabu chake cha mwaka 1998 chenye sura nzima juu ya vijiji vyetu, anaeleza kwamba dola hupenda watu waliopangwa kwa namna inayosomeka kutoka ofisini. Inayosomeka! Kauli ya kutendeka tena. Inasomeka na nani? Si na mwenye shamba, kwa maana yeye alikuwa ameshaisoma zamani.

Halafu, jamani, haikuwa mara ya kwanza. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza nao walikuwa na mpango wao wa maendeleo ya Usukuma: sheria za matuta, hesabu ya ng'ombe, watu kuelekezwa maeneo mapya. Kwa hiyo mzee wa Bariadi aliyehamishwa mwaka 1974 huenda alikuwa anajengewa jamii mpya kwa mara ya pili katika maisha yake, na mara zote mbili kwa faida yake mwenyewe.

Kwetu nyumbani jambo hili halijapata hukumu hadi leo. Bibi yangu hasemi kamwe "tulihamia kijijini". Husema "tulihamishwa", na anaposimulia huanza na mihogo iliyobaki ardhini kule itongo, si na askari wala viongozi. Mama yangu husikiliza, kisha hukumbusha kwamba shule aliyosoma ilijengwa kwa sababu watu walikuwa wamekaa pamoja. Kabla ya hapo msichana wa kaya ya mbali nani angempeleka? Wanabishana kwa heshima, kila mmoja akijua mwenzake hasemi uongo. Mimi ninayeandika uhakiki huu ni zao la shule ile, kwa hiyo siwezi kujifanya nimesimama nje ya jambo. Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililotaka elimu ya msingi kwa wote, lisingetekelezeka kwa urahisi katika kaya zilizotawanyika. Anayesema Ujamaa haukuleta kitu aje aongee na mama. Anayesema ulileta tu bila kuchukua, bibi bado yupo.

Watu wasiosemeshwa

Tuje kwenye fasihi sasa. Kwa miaka mingi uhakiki wetu umekipima kila kitabu cha kipindi hiki kwa swali moja: msimamo wa mwandishi ni upi? Anaunga mkono Ujamaa au anaupinga? Mwandishi akaonekana ama mwanamapinduzi ama mwenye kukata tamaa, akapewa alama zake, tukaendelea na kitabu kingine. Nadhani swali hilo limechoka. Swali ninalolipendekeza ni la sarufi ileile: katika kitabu hiki, mkulima ni nafsi ya kauli ipi?

Tuanze na babu yao wote. Katika Kusadikika, Karama anashitakiwa kwa kueneza elimu ya sheria, na anajitetea mbele ya mfalme kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, mpaka juu mbinguni na chini ardhini, wakarudi na mapendekezo ya kuiboresha nchi, wakaishia kifungoni. Tunafundishwa, na ni sahihi, kwamba Shaaban alikuwa anaupiga vita utawala wa kikoloni kwa mafumbo. Ila hesabu wanaozungumza. Karama anazungumza, mshitaki wake Majivuno anazungumza, wajumbe wanasimuliwa. Wananchi wa Kusadikika, ambao mapendekezo yote yale yanawahusu, wanafanya nini? Wanasikiliza. Mageuzi yanatoka safarini na kupelekwa kwa mfalme, na mfalme akikubali, mambo yananyooka. Najua kuna walimu watakaonikasirikia. Shaaban Robert ni mzazi wetu sote, na kumkosoa ni sawa na kukohoa mbele ya mkwe. Lakini nchi ile iko angani, na kutoka angani watu huonekana wadogo.

Dola ilipoandika Kutendeka ilifuata muundo huohuo: wajumbe wanakwenda, wanarudi na mapendekezo, mkuu anakubali. Na tusisahau kwamba mtunzi mkuu wa jaribio hilo naye alikuwa mtu wa fasihi, aliyetafsiri tamthilia mbili za Shakespeare katika miaka hiyohiyo ya 1960. Simsemi kwa kejeli. Nasema kwamba Ujamaa ulianza ukiwa andiko zuri, na andiko zuri lina hatari yake: linamfanya aliyelisoma aamini kwamba ameshaiona nchi.

Kisha wakaja watunzi wa miaka ya 1970. Ngalimecha Ngahyoma katika tamthilia ya Kijiji Chetu (1975) alionyesha mapema kabisa kijiji kikigeuzwa mali ya wakubwa. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwani, alirudi kwenye suala hili mara tatu. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975), Tumaini anatanga na dunia, anageuka mkulima mkubwa, na Ujamaa ukimfikia shambani anaua mtu wa serikali na ananyongwa. Msomaji wa wakati ule asingekosa kukumbuka Isimani, Iringa, ambako siku ya Krismasi ya mwaka 1971 Mkuu wa Mkoa, Dakta Klerruu, alipigwa risasi na mkulima. Katika Gamba la Nyoka (1979) tunaingia ndani ya uhamishaji wenyewe, katika vijiji vya Kisole na Bucho. Jina la kitabu ni hukumu tosha: nyoka akivua gamba hubaki nyoka.

Gamba la Nyoka ndiyo riwaya ninayoiheshimu kuliko zote za kipindi kile, na kwa sababu hiyo ndiyo ninayoidai zaidi. Kezilahabi anawapa wanakijiji nafasi ya kukaidi. Hawahamishwi kama magunia. Lakini kadiri riwaya inavyoendelea, uzito wa kufikiri unahamia kwa vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo. Wao ndio wanaopima, wanaoshuku, wanaojifunza. Mkulima anabaki na mwili unaokataa. Akili inayoeleza kwa nini anakataa ni ya msomi. Luseni na mbuga hazina sauti pale. Huwezi kuifunga riwaya ukajua mkulima alikuwa na hoja gani ya kitaalamu dhidi ya ramani, na kumbe hoja alikuwa nayo, kubwa tu.

Cha tatu ni Kaptula la Marx, tamthilia iliyoandikwa mwishoni mwa miaka ya 1970 na kusubiri hadi mwaka 1999 ndipo ichapishwe. Rais Kapera na mawaziri wake wanafunga safari kwenda nchi ya Usawa, rais akiwa ndani ya kaptula ya Marx isiyomwenea. Angalieni upatanisho wa kisarufi: si kaptula ya Marx, ni kaptula LA Marx. Kiambishi kimoja kimeifanya nguo iwe kubwa kupita mwili wa yeyote. Ni kichekesho kikali, nilicheka peke yangu maktaba hadi nikatazamwa. Lakini msafara ule umejaa viongozi. Safari ya utopia hapa ni ya wajumbe wa Kusadikika waliogeuzwa vikaragosi, na walalahoi bado hawajapanda gari. Kejeli imembadilisha mtendaji kutoka mtakatifu kuwa mpumbavu. Mtendwa imemwacha palepale.

Sitakaa juu ya Njozi Iliyopotea ya Claude Mung'ong'o (1980). Jina lake lenyewe linatosha kuonyesha kwamba kufikia mwaka ule mjadala ulikuwa umehama kutoka njozi hadi msiba.

Lamu na Litowa

Mtu asidhani kwamba ugonjwa huu ni wa Ujamaa au wa Kiswahili. Pwani yetu iliwahi kutembelewa na watu waliotoka moja kwa moja ndani ya riwaya. Mwaka 1890 Theodor Hertzka, mwanauchumi wa Austria-Hungaria, alichapisha riwaya iitwayo Freiland, Nchi Huru, inayosimulia jinsi Wazungu wanavyojenga jamii ya usawa kwenye nyanda za juu za Kenya. Wasomaji wakaipenda, wakaunda vyama, na mwaka 1894 kundi lao likatia nanga Lamu, tayari kupanda bara kwenda kuianzisha. Hawakufika popote. Walikwama Lamu, wakagombana, wakatawanyika. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kioja cha wazembe. Mimi naona kinafundisha zaidi kuliko hapo: walikuwa wameshaijenga nchi nzima, mpaka mifereji yake, bila kumuuliza hata mmoja wa waliokuwa wakiishi pale.

Mfano wa upande wa pili ni wa hapahapa kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa TANU huko Songea walianzisha makazi ya Litowa, wakalima pamoja na kugawana mapato kwa utaratibu wao. Vijiji vingine vikafuata, vikafika 17, vikaungana katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Walikuwa na shule yao, na mkutano wa wanakijiji ndio ulioamua. Mwalimu Nyerere mwenyewe aliwasifu, na ni rahisi kuona athari zao katika fikra zake za mwaka 1967. Hawa hawakuhamishwa. Walihama. Jaribio lilitendeka kwa sababu watendaji wake walijulikana kwa majina. Kisha Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama chao na mali zake zikachukuliwa. Kinachouma ni kwamba miaka minne tu baadaye, jambo lililokuwa limevunjwa lilipokuwa la hiari likaagizwa kwa amri. Ralph Ibbott, aliyekuwa mshauri wao, alikuja kuyaandika hayo katika kitabu cha mwaka 2014. Katika riwaya na tamthilia za Kiswahili tunazosoma sisi, Litowa haimo. Tumeandika misiba mingi ya vijiji, lakini kile kilichofanikiwa na kuuawa hatujakitungia tanzia yake.

Ningeweza kuishia hapo na kusema: ya kutoka chini hufaulu, ya kutoka juu hufeli. Ingekuwa rahisi, na isingekuwa kweli.

Maana Usukuma ilikuja kutoa jaribio lake yenyewe, lisilochorwa na mtaalamu yeyote. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi hawaonekani, watu wa Shinyanga na Tabora waliunda sungusungu: viongozi wao, pinde zao, mkutano wao, sheria zao. Kwa muda mfupi wizi ulipungua, na serikali baadaye ikawatambua. Kauli ya kutenda kabisa. Lakini sungusungu haohao, hasa siku za mwanzo, waliwaandama pia watu walioitwa wachawi, wengi wao wanawake wazee. Kati ya mwaka 1970 na 1984 watu zaidi ya 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, na sehemu kubwa ilikuwa Usukuma. Simeon Mesaki, mwanasosholojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliyelitafiti jambo hili, aliutaja uhamishaji wa vijijini miongoni mwa vichocheo: watu waliozoea kuachana nafasi walisogezwa ukuta kwa ukuta, na kila kifo cha mtoto kikapata jirani wa kulaumiwa. Miti ilipoadimika wanawake wakapikia kinyesi cha ng'ombe, moshi ukawafanya macho mekundu, na macho mekundu yakawa ushahidi.

Kwa hiyo "watu wenyewe" si jibu linalotosha. Katika "watu wenyewe" kuna mzee mwenye ng'ombe mia na kuna mjane asiye na mtoto. Anayesema "tuliamua" inabidi aulizwe: wewe na nani? Uhakiki unaomtafuta mkulima katika riwaya utakuwa umefanya kazi nusu kama utamkuta mwanamume mwenye ng'ombe ukadhani umewakuta wote.

Nyasi

Kuna jambo moja la kwetu ambalo halijawahi kuitwa jamii mpya na mtu yeyote. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, katika mkoa ambao viongozi walikuwa wameanza kuuita jangwa. Mwanzoni walijaribu kupanda miche. Baadaye wakagundua, kwa kuwasikiliza watu, kwamba pana kitu kinaitwa ngitili, na kwamba ukikifunga chenyewe kinaota. Zile zilizobaki baada ya vijiji zilikuwa chache mno. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo lililorudishwa lilihesabiwa kwa mamia ya maelfu ya hekta, Bariadi, Maswa na Meatu zikiwemo, na mwaka 2002 mradi ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa.

Nani alitenda? Hapo ndipo pananipendeza. Si dola peke yake, kwani ngitili haikuwa yake. Si wanakijiji peke yao, kwani sheria ndogo, mafunzo na magari vilitoka serikalini. Tena si paradiso: wenye mifugo mingi walijifungia maeneo makubwa, na wasio na kitu walibaki wakinunua nyasi. Lakini hakuna aliyevunjiwa nyumba, na neno lililotumika lilikuwa la Kisukuma.

Sijui riwaya ya namna hiyo ingeandikwaje. Haina shujaa, haina msafara, haina mahakama. Msuko wake ni kufunga na kusubiri mvua. Labda ndiyo maana hatuna.

Ila nyimbo zipo. Usukuma ni nchi ya manju, baningi kama tunavyowaita, na ya mashindano ya Bagika na Bagalu ambapo kundi linaweza kushinda kwa maneno tu. Nyimbo za kulima, za bugobogobo, za wigashe zinazoimbwa watu wamekaa, zilipita katika kipindi chote hiki, na pamba, ushuru, viongozi na vijiji vyote vilipata zamu yao ya kuimbwa. Emmanuel Mbogo alipompandisha jukwaani shujaa wetu katika Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988) alionyesha kwamba jadi hiyo inaweza kubeba mjadala wa kisasa. Baada yake wangapi wamefuata? Mkusanyiko mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma ninaoufahamu, mamia ya nyimbo pamoja na maelezo yake, ni wa Mmarekani Frank Gunderson, ulitoka kwa Kiingereza mwaka 2010, na mchapishaji wake yuko Leiden. Namshukuru kwa dhati. Hata hivyo ni aibu kidogo, tuseme ukweli, kwamba mwanafunzi kutoka Bariadi akitaka kusoma alichoimba jirani wa bibi yake inambidi apitie Uholanzi.

Pendekezo langu kwa walimu wa kozi ya riwaya na wa fasihi simulizi ni dogo. Gamba la Nyoka isifundishwe tena peke yake. Iwekwe kando ya nyimbo za miaka ileile, kutoka mahali watu walipohamishwa, na mwanafunzi aambiwe aoneshe mkulima anazungumza katika kauli ipi huku na kule. Kama nyimbo zitamkuta mkulima akiwa mtendwa vilevile, basi hoja yangu itakuwa imeanguka na nitaiandikia makala ya pili. Ila kazi hiyo haiwezi kungoja ruzuku. Manju aliyekuwa na miaka 20 wakati wa Operesheni, mwaka 1974, leo ameshavuka 70.